Mama Yuleyule: Mhadhara Kuhusu Vipandikizi vya Bustani ya Nyumbani

Nimeambiwa kwamba wengi mliokuja leo hamna mashamba. Mna vyungu barazani, ndoo zilizotobolewa vitako, na kipande cha ardhi kati ya ukuta wa nyumba na ukuta wa jirani. Nitazungumza kwa ajili ya bustani hizo. Sikuja kuuza mbegu wala mbolea. Nataka tuzungumzie jambo ambalo kila mmoja hapa amekwisha kulifanya, kukata kitawi kwa mtu na kukichomeka udongoni, na nieleze kwa nini mara nyingine kinashika na mara nyingine kinaoza.

Nina neno moja tu la kusema, mengine yote yanalitegemea. Ukipanda mbegu unapata mtoto: ana baba, ana mama, na hujui atamfuata nani. Ukichomeka tawi hupati mtoto. Unapata mama yuleyule, ameanza upya mahali pengine, na rangi yake, na harufu yake, na ugonjwa wake kama anao. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kabla ya kisu kugusa tawi, na hapo ndipo wengi wetu hatukai hata dakika moja.

Ushahidi hatuna haja ya kuutafuta mbali. Mkoa huu wa Tanga, kati ya mwaka 1892 na 1894, ulitoa mifano mitatu inayoeleza jambo hili kuliko kitabu chochote nilichowahi kusoma.

Wa kwanza ni ua. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa sehemu hizi, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona ua dogo la zambarau likiota kwenye nyufa za mawe ya chokaa, si mbali na mji huu wa Tanga, na tena huko juu kwenye msitu wa Usambara. Huyu bwana Kiswahili alikijua kiasi cha kuandika kitabu cha kukifundisha, kilichochapwa Berlin mwaka 1890. Ua akampelekea baba yake Ujerumani, baba akampa Hermann Wendland, mkurugenzi wa bustani za kifalme za Herrenhausen kule Hannover, na mwaka 1893 Wendland akalipa jina la kitaalamu la Saintpaulia ionantha. Siku hizi wataalamu wameliingiza kwenye jamii ya Streptocarpus. Wanapenda kubadili majina, sisi tuwaachie. Wajerumani wa kawaida wangali wanaliita kwa jina la Usambara.

Leo ua hilo liko madirishani Ulaya na Marekani, katika nyumba zisizo na idadi, na wengi wanaolimwagilia hawajui Tanga iko wapi. Halikufika huko kwa kuchimbwa msituni kila mwaka. Lilienea kwa jani. Chukua jani moja lililokomaa, si la chini kabisa lililochoka, wala si la katikati ambalo bado linakua. Likate pamoja na kikonyo chake, ubakize kikonyo cha sentimita mbili au tatu. Kichomeke mshazari kwenye mchanga uliochanganywa na mboji iliyochekechwa, wenye unyevu lakini usiochuruzika. Funika kwa kopo la plastiki linaloonyesha ndani, weka penye mwanga pasipopigwa na jua. Baada ya wiki tatu au nne jani ukiligusa halitikisiki: limeshika. Baada ya miezi miwili mitatu, kwenye mguu wa kile kikonyo huchomoza vijimajani vyenye manyoya, vingine vidogo kuliko punje ya mchele, kila kishada na kitovu chake. Wanaotumia hadubini wameona kwamba vishada hivyo huanzia kwenye chembehai za ngozi ya nje ya kikonyo. Kitu ambacho kazi yake ilikuwa kuwa ngozi ya jani, basi, kimeacha kazi hiyo na kujenga mmea mzima: shina, mizizi, maua. Nimeliona hili mara nyingi na bado sijalizoea.

Miaka ya 1920, kule Los Angeles, watunza maua wa kampuni ya Armacost and Royston waliotesha miche kama elfu moja ya ua hili kwa mbegu kutoka Ulaya, wakaichambua, wakabakiza kumi. Mmoja wao uliitwa Blue Boy. Kila Blue Boy iliyopo leo ni jani la jani la jani la mche ule mmoja. Mche wenyewe, kwa maana fulani, haujafa.

Mfano wa pili nitaupita haraka kwa kuwa nyie ndio wenyeji wake. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf aliagiza vitoto 1,000 vya mkonge kutoka Florida. Vilivyofika vikiwa hai vilikuwa 62. Mkonge hutoa maua mara moja, juu ya mlingoti wake, kisha hufa. Lakini kabla haujafa, mlingoti huohuo hujaa vitoto vyenye majani tayari, na kila kitoto ni mkonge uleule uliokizaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika iliongoza dunia kwa katani, zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya mashamba hayo asili yake ni ile mimea sitini na miwili. Hiyo ndiyo faida ya mama yuleyule: ukishampata mzuri, unaye.

Sasa hasara, na huu ndio mfano wa tatu. Mwaka 1894 mtaalamu wa mimea Otto Warburg aliandika habari za mihogo ya Usambara iliyojikunja majani. Ni ugonjwa tunaouita batobato. Jani linakuwa na mabaka ya manjano, linapinda upande, shina linadumaa, na ukichimba unakuta mizizi ya kidole. Nzi weupe wanaubeba kutoka shina hadi shina, lakini mchukuzi wake mkubwa ni mkulima mwenyewe, na mzigo wake wa miti ya mihogo begani, anaipeleka kwa shemeji yake wilaya ya pili. Ugonjwa ukishakuwa ndani ya mti mama, kila pingili utakayokata inaweza kuwa nao. Hakuna kunyunyiza, hakuna majivu, hakuna kuloweka kutakakoutoa. Kule Amani, kwenye kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1902, watafiti wa miaka ya 1930 walifika mahali pa kukubali hivyo. Mmoja wao, H. H. Storey, ndiye aliyeeleza mwaka 1936 ndugu yake batobato, michirizi ya kahawia, ambao ni mbaya zaidi kwa sababu majani yanaweza kukudanganya: mti umesimama, majani yapo, na muhogo chini umeoza vipande vya rangi ya kutu. Yeye na mwenzake Nichols hawakujaribu kuuponya muhogo mgonjwa. Walirudi kwenye mbegu. Waliuchanganya muhogo na mti wa mpira ambao ni wa ukoo wake, wakaotesha watoto wapya, wakachagua wanaostahimili. Baadhi ya uzao wa kazi ile ya Amani ulipelekwa Nigeria, ukawa msingi wa aina nyingi za muhogo zilizosambazwa Afrika baadaye.

Mtaniuliza, mihogo inatuhusu nini sisi wa vyungu? Inatuhusu kwa sababu waridi la barazani linafuata sheria ileile. Virusi vingi havipiti kwenye mbegu, au vinapita kwa shida; kwenye tawi vinapita vyote. Hata visivyo virusi vinapita: wadudu weupe wa unga unga waliojibanza kwenye kwapa la jani, magamba ya kahawia chini ya shina ambayo mtu anadhani ni sehemu ya ganda, mayai ya utitiri. Mama mwenye nyumba anakupa kitawi kwa moyo mweupe, na wewe unakibeba na kila kilichomo.

Basi mtazame mama kwanza. Mtazame mchana, si jioni mnapoagana mlangoni. Geuza majani matatu manne uone mgongo wake. Kama ni ua, nenda likiwa limechanua. Usichukue tawi la mmea ambao hujauona ukitoa maua kwa sababu tu umeambiwa ni mwekundu. Kama ni wa matunda, uliza umezaa miaka mingapi mfululizo. Mti ulionyauka kwa kiu wiki iliyopita usiukate leo. Umwagilie, urudi baada ya siku chache. Na kama mwenye bustani ni mtu wa kuaminika mwambie ukweli: mama huyu ana ugonjwa, tusimsambaze. Mihogo yenye batobato watu wanapeana kwa kuoneana haya, na haya hiyo ina gharama.

Kuna jambo jingine ambalo hata wakulima wazoefu hulipuuza. Ukishachagua mti, bado hujachagua tawi. Wenzetu wa Muheza wanaolima pilipili manga wanaelewa. Pilipili manga ina mashina yanayopanda juu ya mti wa kuegemea, yenye vijizizi kwenye vifundo, na ina matawi ya pembeni yanayobeba vichala. Kata shina linalopanda, upate mmea unaopanda. Kata tawi la pembeni lenye kuzaa, ukilifanikisha, maana linashika kwa uvivu, unapata kichaka kifupi kinachokaa kwenye chungu, hakitafuti mti wa kupanda na kinazaa pale pale barazani. Mmea ni mmoja, lakini kila tawi linaendelea na kazi liliyokuwa nayo. Kahawa ni hivyohivyo: ukiotesha tawi la pembeni utapata kitu kinachotambaa ovyo maisha yake yote, ndiyo maana wanaozalisha miche ya vipandikizi, kama Taasisi ya Utafiti wa Kahawa kule Lyamungo, hukata machipukizi yaliyosimama wima tu. Na boganvilia ya waridi ikitoa tawi moja jeupe, jambo linalotokea, ukitaka nyeupe kata tawi lile lile.

Haya, tumechagua. Kisu kimepita. Ni nini kinatokea?

Tawi lililokatwa limebaki na midomo mingi na halina koo. Majani yanaendelea kupumua maji kwenda hewani, na mizizi ya kuyarudisha haipo. Mizizi mipya itakuja, lakini itachukua wiki, na jani linaweza kunyauka kwa nusu saa ya jua la saa saba. Karibu kila ushauri mzuri mtakaousikia kuhusu vipandikizi, mkiuchunguza, unahusu kuvuka wiki hizo. Kukata asubuhi wakati tawi limejaa maji. Kulifunga kwenye gazeti lililoloanishwa badala ya kulibeba mkononi kwenye daladala. Kupunguza majani, na makubwa kuyakata nusu. Kulifunika. Kuliweka kivulini.

Wengine husema: basi toa majani yote, yasipoteze maji. Kwa mti mkavu usio na majani kama mzabibu uliopogolewa, sawa, una akiba ndani ya mbao. Lakini tawi laini ukilinyoa kabisa umelinyima lishe na umelinyima amri. Vichipukizi na majani machanga hutengeneza homoni iitwayo oksini, ambayo husafiri kuelekea chini ya tawi. Tawi likikatwa, oksini inafika kwenye jeraha na haina pa kwenda. Inakusanyika, na mkusanyiko huo ndio unaoziambia chembehai zilizo karibu na kifundo zianze kuwa mizizi. Tangu miaka ya 1930 viwanda hutengeneza vitu vya jamii hiyo, na ule unga wa kuoteshea mizizi mnaouona kwenye maduka ya pembejeo ndio huo. Unasaidia kwa miti migumu. Kwa mrehani, viazi vitamu au majani ya ua la Usambara ni kupoteza pesa. Asali, mdalasini, ute wa mshubiri: sina ugomvi navyo, asali na mdalasini vinazuia ukungu kidogo, lakini sijaona kimoja kilichookoa tawi lililokatwa saa nane mchana.

Kwa kuwa oksini inashuka, tawi lina juu na chini. Ukilichomeka kichwa chini linaendelea kujua chini yake ni ipi, na mara nyingi linakufa likiwa linajua. Wenye mazoea hukata chini mshazari na juu mkato ulionyooka, ili hata vijiti vikichanganyika visiwachanganye.

Tuchukue waridi, kwa kuwa ndilo linaloombwa kuliko yote. Tafuta tawi lililomaliza kuchanua karibuni, unene wa penseli, ambalo ukilipinda linajikaza kabla ya kuvunjika. Likivunjika mara moja limezeeka. Likijikunja bila kukataa ni changa mno na litaoza. Kata ua lililokauka pamoja na shingo yake. Kisha pima sentimita kumi na tano hadi ishirini, ukate mshazari chini kidogo ya kifundo, kwa wembe au kisu kilichofutwa kwa spiriti. Mkasi butu unaponda mirija, na pale palipopondwa ndipo uozo unapoanzia. Ng'oa majani ya chini, bakiza mawili juu. Miiba ya chini ivunje kwa kidole gumba, inatoka kwa upande. Toboa mchanga kwanza kwa kijiti kingine, ndipo uingize tawi hadi nusu, uushindilie mchanga kwa vidole. Ukilisukuma tu, unachubua ganda pale pale ambapo mizizi ingetokea.

Nimesema mchanga, na hapa Tanga lazima nifafanue: si wa ufukweni. Nawafahamu watu waliokwenda Raskazone na ndoo, wakarudi na mchanga mweupe wa kupendeza, na chumvi yake. Chumvi hunyonya maji kutoka kwenye tawi badala ya kulipa. Chukua mchanga wa mto, uoshe hadi maji yatoke meupe, uchanganye na mboji kidogo kama unataka. Samadi mbichi hapana. Udongo mweusi wa bustani nao hapana, kwa sasa; umejaa vimelea na unashika maji mengi, na jeraha halina ngozi bado. Tawi halihitaji chakula, halina mizizi ya kulia. Linahitaji unyevu na hewa kwa pamoja, na mchanga mkubwa mkubwa ndio unaotoa vyote viwili.

Mwagilia mara moja, taratibu. Kisha chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, ikate kitako, uifunike juu ya tawi, kifuniko chake ukiweke. Asubuhi utaona matone ndani ya chupa. Hayo matone ndiyo majani yako yanayopumzika: hewa imejaa maji, hayapotezi tena. Yakikauka, ongeza maji kidogo. Yakiwa mengi hadi yanachuruzika, fungua kifuniko saa chache. Na chupa ile isiguswe na jua moja kwa moja hata kwa robo saa, kwa kuwa ndani yake mtapika waridi.

Baada ya wiki mbili hivi, mwenye papara hulichomoa aone. Anakuta uvimbe mweupe kwenye mkato, anawaita watoto waje kuona mizizi. Ule si mzizi. Ni kovu, mti unajifunga jeraha, na unaweza kukaa na kovu hilo miezi miwili usitoe mzizi hata mmoja. Hata majani mapya si uthibitisho. Tawi lina akiba ya kutosha kuchipua na kisha kufa. Waridi lipe wiki nne hadi sita, boganvilia zaidi ya hapo, na dalili ya kuaminika ni mizizi inayochungulia kwenye tundu la chini la kopo. Ndiyo maana napenda makopo yanayoonyesha ndani.

Nimewasikia watu wakisema kwamba kijiti cha kuiba ndicho kinachoshika, cha kuombwa kinakufa. Nililidharau neno hili miaka mingi, kisha nikalifikiria. Mwizi wa maua hukata jioni au alfajiri, wakati hakuna jua. Hana muda wa kuchagua tawi nene la kujionyesha. Anachukua ncha changa iliyo karibu na uzio. Anaificha ndani ya nguo, kivulini. Anaipanda usiku uleule asionekane. Mwombaji, kwa upande wake, anapewa saa sita mchana, tawi refu la heshima lenye maua matatu, analibeba mkononi akipita kwa watu wawili kuwasalimu. Siwafundishi kuiba. Nasema ombeni, kisha mfanye kama mwizi.

Siyo kila mti unataka haraka, hata hivyo. Yenye utomvu mweupe, kama mnyaa wa uzio na franjipani, ule mti wenye maua ya harufu nzuri unaopandwa hotelini na makaburini, ukiipanda ikiwa mibichi inaoza. Ikate, ifute, iache mahali pakavu penye kivuli wiki moja au mbili hadi jeraha likauke, ndipo uipande, na maji yawe machache. Na utomvu wa mnyaa usicheze nao. Ukiingia jichoni unaweza kukupotezea uwezo wa kuona. Marando ya viazi vitamu nayo hupenda kupumzika kivulini siku moja mbili kabla ya kupandwa, vifundo huanza kuotesha mizizi hapo hapo. Mrehani na nanaa hushika ndani ya glasi ya maji dirishani, jambo ambalo watoto wanalipenda. Ila mizizi ya majini ni dhaifu, huvunjika ikihamishwa. Ikifika urefu ulio sawa na upana wa kidole kimoja, hamisha, usingoje glasi ijae nyuzi. Asumini hushika vizuri kwa tawi lililokomaa nusu, na kama una subira, liinamishe tawi likiwa bado kwa mama yake, ulifukie kiuno kwa udongo, uliweke jiwe, ulikate litakapokuwa na mizizi yake. Njia hiyo haina hatari ya kiu kabisa.

Wa matunda wanaokubali ni mkomamanga, mtini, mforsadi na mzabibu. Dodoma mizabibu yao hutoka kwa vijiti. Mwembe na mparachichi msijisumbue, hao ni wa kubebeshwa. Mkarafuu ni mkaidi, na ndugu zetu wa Pemba hupanda mbegu, tena mbichi kabisa, kwa sababu haikai. Mnazi hauna tawi la kukupa. Una kitovu kimoja cha kukua, ukikikata umeua mti.

Nimesema mama yuleyule, na sasa nitaje mahali ambapo sheria inaonekana kuvunjika, maana kuna mama mmoja hapa mbele aliniuliza kabla hatujaanza. Ana ule mkonge pori wa ndani, majani marefu kama panga yenye ukingo wa manjano. Alikata jani vipande, akavichomeka, vikashika, na watoto wote wakatoka kijani kitupu bila manjano. Alidhani mbolea. Si mbolea. Jani lile limetengenezwa na tabaka mbili za mimea iliyoungana katika mwili mmoja, moja ya kijani na moja isiyo na kijani. Ukikata jani, mtoto huanzia kwenye tabaka moja tu, ile ya kijani, na nyingine inabaki nyuma. Ukitaka manjano usikate jani. Chimba, ugawanye shina la chini ya udongo pamoja na chipukizi lake, tabaka zote ziende pamoja. Maua ya Usambara yenye mistari kama nyota yana tabia hiyohiyo. Kwa hiyo mama ni yuleyule, lakini inabidi ujue umekata kipande chake kipi.

Tawi likishashika, usilitoe siku hiyohiyo kwenye chupa ukalipeleka juani. Fungua kifuniko siku chache, kisha inua chupa kidogo, kisha iondoe jioni tu, hadi majani yajifunze hewa kavu. Hamishia kwenye kiriba chenye udongo na mboji, na ardhini lipande mvua za masika au za vuli zikianza, si zikiisha. Maua ya kwanza ya waridi changa yakateni, najua inauma.

La mwisho linawahusu wenye ndugu Mombasa, Muscat na kwingineko, ambao husafiri na vijiti vilivyoviringishwa kwenye kanga ndani ya begi. Kuvusha mimea hai mpakani kunahitaji cheti cha afya ya mimea, na hapa kwetu anayekitoa ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Si urasimu wa bure. Uganda, mwanzoni mwa miaka ya 1990, batobato kali liliangusha muhogo wa wilaya nzima nzima, kisha likaja upande wa Ziwa Victoria hadi kwetu, na vijiti vilivyobebwa kwa nia njema vilikuwa sehemu ya safari hiyo.

Nitapokea maswali. Lakini nawaona wawili huko nyuma wamekuja na miti ya mihogo kwenye mifuko, kugawiana baada ya mhadhara. Naomba kwanza muilete hapa penye mwanga, na kama mmoja wenu anakumbuka majani ya mti mama yalikuwaje, aanze yeye kuzungumza.